Sefu ya Watu wa Imulundu

"Hiyo ni pesa ya jeneza, Mwenyekiti! Pesa ya jeneza haiendi hoteli!"

Mideva alisema hivyo akiwa amesimama, na kusimama kwenyewe kulikuwa kazi. Umoja wa Imulundu hukutana kwenye darasa la chekechea pale mtaa wa Mukuru kwa Reuben, Nairobi, na kiti cha chekechea kikishika makalio ya mtu mzima hakiachi kwa hiari. Kwa hiyo alisimama na kiti kimemng'ang'ania nyuma. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanamjua.

"Mama Lenah, keti," akasema Mwenyekiti Kegode. "Hakuna anayeenda hoteli. Kamati inaenda ziara ya mafunzo."

"Mafunzo ya nini?"

"Ya dhahabu."

"Na watalala wapi? Juu ya dhahabu?"

Hapo watu wakacheka, na Kegode akagonga meza kwa kalamu. Alikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha sabuni kabla ya kustaafu, na mpaka leo akiona watu zaidi ya watatu mahali pamoja hudhani ni zamu yake.

Mideva ni mama wa miaka hamsini na mbili, mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Alikuja Nairobi na miaka kumi na tisa akimfuata mume, na mume alipoenda Mombasa kutafuta kazi bora akasahau njia ya kurudi. Mideva akabaki na mtoto, Lenah, na sumaku. Ile sumaku aliitoa kwenye spika mbovu, akaifunga kamba, akawa anaiburuta barabarani nyuma ya viwanda kama mtu anayetembeza mbwa. Jioni sumaku inarudi imejaa misumari. Kwa misumari hiyo alimlisha Lenah, akamsomesha, akamwoza. Siku hizi ana kibanda cha mabati na mizani, vijana wanamletea vyuma wenyewe, na hana haja ya kutembeza mbwa. Anaijua shaba kwa harufu. Ukimletea alumini uliyojaza mchanga anakurudishia na mchanga wako. Na ana imani moja ambayo hajawahi kuibadilisha: chuma ambacho hakijakaa kwenye mizani si chuma, ni maneno.

Sasa mtu kama huyo ndiye mliyemfanya mweka hazina, halafu mnamwambia habari za dhahabu iliyoko chini ya kilima.

Umoja wenyewe ulianzishwa mwaka wa 1994 na watu kumi na wanne wa kijiji cha Imulundu waliochoka kupitisha kofia kila mmoja wao anapokufa. Kanuni ni moja tu. Kila mwezi unachanga, siku hizi ni shilingi mia mbili, na siku yako ikifika Umoja unakununulia jeneza, unakukodia gari, unakupeleka Imulundu ulale kati ya watu wako. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu wa Imulundu aliyewahi kuzikwa makaburi ya umma ya Lang'ata. Kuna watu wanaojivunia digrii. Hawa walijivunia hilo.

Halafu mwezi wa pili wa mwaka wa mkutano huu ukaja ujumbe wa sauti kwenye simu za watu. Kampuni moja ya kigeni imetoboa kilima cha Imulundu na kukuta dhahabu ya mabilioni. Neno "mabilioni" liliingia mtaani asubuhi, na kufikia saa sita lilikuwa limeshanunuliwa chai mara tano kwa mkopo.

"Nimeuliza swali na sijajibiwa," Mideva akaendelea. "Hiyo dhahabu ni ya nani?"

"Yetu," akasema Kegode. "Imo kwenye udongo wetu. Na sheria ipo. Mrabaha unagawanywa: serikali kuu sabini kwa mia, kaunti ishirini, jamii kumi. Jamii ni nani? Ni sisi!"

Makofi.

"Kumi kwa mia ya dhahabu?"

"Ya mrabaha."

"Na mrabaha ni kiasi gani cha dhahabu?"

"Ni... sehemu yake."

"Kwa hiyo ni kipande cha kipande. Cha dhahabu ambayo itatoka lini?"

"Utafiti unaendelea."

"Mwenyekiti, mafuta yalipopatikana kule Turkana si tulipiga makofi hivi hivi? Lori zikapigwa picha zikienda pwani. Siku ile chupa ya mafuta taa ilikuwa bei gani, na leo ni bei gani?"

"Yale ni mafuta ghafi, Mama Lenah. Lazima yaende nje yasafishwe."

"Ehe. Yanaenda nje kuoga, yakirudi hayatujui."

Hata Everline, katibu, aliinamia daftari kuficha meno. Lakini kura ni kura. Walikubaliana mambo matatu: kamati iende ziara kwenye machimbo ya Migori, michango isimamishwe, kwa sababu, kama alivyosema Kegode, nani amewahi kuona mwenye dhahabu akichanga mia mbili, na Umoja uitwe Imulundu Madini na Maendeleo. Thelathini na mmoja wakainua mkono. Wawili wakakataa, Mideva na mzee mmoja aliyekuwa akikohoa pale nyuma karibu na dirisha.

Huyo mzee ndiye aliyemfanya Mideva apige kelele namna ile. Mzee Asava alikuwa fundi wa viatu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mmoja wa wale kumi na wanne wa mwanzo. Kifua kilikuwa kimemwishia. Hakuwa na mtoto aliye hai. Mkewe Rasoa alizikwa Imulundu miaka ishirini nyuma, na tangu kifua kianze kumpiga, mzee alikuwa akirudia ombi moja kila Mideva akimpelekea uji.

"Mama Lenah, mimi sitaki mengi. Mnilaze kushoto kwa Rasoa. Kulia kuna mgomba, utanitia mizizi mbavuni."

"Nitakulaza kushoto, Mzee."

"Umesema?"

"Nimesema."

Na Mideva akisema kitu amekipima.

Benki ilitaka sahihi mbili kati ya tatu, na Kegode na Everline walikuwa wawili. Mideva hakuwa na la kufanya ila kuangalia. Kamati ya watu sita ikaenda Migori siku nne. Ikarudi na ripoti ya kurasa mbili iliyosomwa mbele ya mkutano kwa sauti ya ibada. Ripoti ilisema kwamba dhahabu ni ya manjano, kwamba shimo la dhahabu ni refu, na kwamba kamati ilipokewa vizuri. Ilipendekeza ziara ya pili.

Baada ya hapo ikaja hoja ya usalama. Pesa za mrabaha zikishuka zitawekwa wapi? Kegode akasema watu makini wana sefu. Wakaenda Eastleigh kwa Nuradin, muuza samani za ofisi za mitumba, wakanunua sefu ya kijani yenye urefu wa ng'ombe aliyelala, kwa elfu tisini. Ililetwa kwa lori na kushushwa na wanaume wanane, ikawekwa pembeni mwa darasa la chekechea, na mwalimu akapoteza nafasi ya watoto watano. Ufunguo akashika Kegode. Nambari ya siri akashika Everline, naye kwa kuwa ni katibu mwangalifu akaiandika kwenye daftari la mikutano, na daftari la mikutano akalifungia ndani ya sefu.

Hilo halikujulikana siku hiyo. Siku hiyo watu walipiga picha nayo.

Na ungewaona watu wa Imulundu miezi hiyo! Vidolo aliacha kibarua cha kupakia sabuni, akisema hawezi kubeba mizigo ya watu na kwao kuna mgodi. Wengine watatu wakamfuata. Everline alikuwa na shamba la sukuma wiki kando ya mto kule Njiru, shamba lililomlea tangu ujana; akaliacha likaota magugu, kwa sababu mkono utakaotia sahihi ya mabilioni hauwezi kunuka samadi. Sasa sukuma wiki akawa ananunua kwa Kaluki, Mkamba mwenye kibanda pale njia panda. Kaluki alipoona watu wa Imulundu wote wamekuwa wanunuzi na hakuna hata mmoja anayepanda, akapandisha bei ya fungu. Wakalipa. Walipoishiwa wakachukua kwa mkopo wa dhahabu. Kaluki akanunua friji.

"Dada yangu," Kaluki alimwambia Mideva siku moja akipangusa friji, "hiyo dhahabu yenu imenisaidia sana. Waambie wasiharakishe kuitoa."

Katika muda wote huo ni mtu mmoja tu aliyeendelea kuchanga. Kila tarehe mosi Mzee Asava aligonga ukuta, Mideva akaenda, na mzee akatoa noti ya mia mbili chini ya godoro.

"Michango imesimamishwa, Mzee."

"Na kufa kumesimamishwa?"

Mideva akachukua. Akaiweka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia ya kimbo, juu ya rafu, mbali na kamati.

Mzee alikufa Jumatano mchana, mwezi wa kumi, uji ukiwa bado wa moto. Mideva alimfunga macho, akamfunika, akaenda moja kwa moja kwa Kegode bila kuvua aproni yenye kutu.

"Mzee Asava ametuacha. Mochari wanahesabu kila siku. Nataka gari na jeneza."

Kegode aliketi. Alikuwa mtu mwenye mwili, lakini aliketi kama nguo iliyoanguka kwenye kamba.

"Akaunti ina elfu tatu na mia saba," akasema.

"Na mabilioni?"

"Kampuni iliandika barua wiki iliyopita. Wamesimamisha utafiti. Wanaangalia bei ya soko la dunia. Nilikuwa nangoja nafasi nzuri ya kuwaambia."

Mideva akapangusa mikono kwenye aproni, akamngoja amalize.

"Labda tuombe kaburi Lang'ata kwanza," Kegode akaendelea kwa sauti ya chini. "Halafu dhahabu ikitoka tumhamishe."

"Kegode." Hakumwita Mwenyekiti. "Mzee hajawahi kukosa mwezi hata mmoja tangu tisini na nne. Hata hii minane mliyosimamisha. Nikimlaza Lang'ata, wewe na mimi tutalala wapi? Toka nje uite watu. Tunauza sefu."

Jumamosi asubuhi wanaume walikusanyika kwenye chekechea. Hapo ndipo ilipojulikana habari ya nambari. Everline alilia kidogo, akajaribu mwaka wake wa kuzaliwa, akajaribu mwaka wa Umoja, akajaribu wa uhuru. Sefu ikanyamaza.

"Haidhuru," akasema Mideva. "Ndani hakuna kitu. Ipakieni ikiwa imefungwa."

Wakaipakia kwenye mkokoteni ulioazimwa kwa muuza maji. Vidolo na wenzake watatu walioacha kazi wakashika mbele, Kegode na wazee wakasukuma nyuma, Mideva akatembea pembeni akitoa amri. Barabara ya Jogoo ikawafurahia. "Wazee, niaje, mmeiba benki?" akapaza kondakta mmoja. Mwingine akauliza kama wanahamisha nyumba. Kegode alisukuma kichwa chini, jasho likimtona kwenye kola. Na hakuacha mpaka Eastleigh, hata Vidolo alipopumzika mara mbili.

Nuradin alikuwa ameketi mlangoni kwake kati ya viti vya ofisi vilivyokosa gurudumu moja moja. Alipoona mkokoteni akasimama, akafungua mikono.

"Karibu nyumbani!" akasema. Alikuwa anasalimia sefu.

Akaiendea, akazungusha kidude cha nambari bila hata kukitazama, akamnyooshea Kegode mkono apewe ufunguo, na mlango ukafunguka. Ndani mlikuwa na daftari la mikutano, ripoti ya Migori, na taulo mbili nyeupe zenye jina la hoteli. Mideva alizitazama zile taulo kwa muda unaotosha. Kegode akatazama viatu vyake.

"Umejuaje nambari?" Everline akauliza.

"Sijawahi kuibadilisha, dada. Wanunuzi nao hawaibadilishi. Wallahi nyinyi mmekaa nayo sana. Watu wa makaa ya mawe waliirudisha baada ya miezi mitano."

"Watu gani?"

"Wa Kitui. Kabla yao walikuwa watu wa mafuta, kabla yao wa vito kutoka Taita. Watu wa mafuta walikuwa na adabu, walileta na risiti."

"Na wote unawauzia elfu tisini?" akauliza Mideva.

"Wa vito niliwauzia themanini. Maisha yamepanda."

"Na unainunua tena kwa ngapi?"

"Arubaini."

Mideva akaizunguka sefu pole pole. Akaigonga kwa kifundo cha kidole, mbele, ubavuni, nyuma, kama daktari anayegonga kifua.

"Kumbe mwenye mgodi ni wewe," akasema.

Nuradin akacheka mpaka akashika ndevu. "Mama, ningekuwa na sefu mbili ningekuwa nimeacha kazi."

"Sikiliza, Nuradin. Mimi nauza vyuma. Najua humu kwenye kuta kuna saruji, chuma ni ganda. Kwa mizani yangu hii haifiki elfu kumi. Kwa hiyo mimi na wewe tusidanganyane, hununui chuma. Unanunua watu watakaokuja. Na watakuja, kwa sababu nchi hii bado ina vilima vingi ambavyo havijatobolewa. Hao nakuuzia kwa elfu sitini."

"Arubaini na tano. Na nawapa chai."

"Chai tutakunywa kwetu. Nina maiti mochari."

Nuradin akaacha kucheka. "Maiti ya nani?"

"Mzee wetu. Pesa ya kumzika ndiyo hiyo sefu uliyotuuzia."

Nuradin akasema maneno ya dua kwa sauti ya chini, kwa lugha ya dini yake, akaingia ndani. Akatoka na elfu hamsini na tano, akazihesabu juu ya sefu yenyewe, noti kwa noti. Mideva akazihesabu tena. Akasema asante mara moja, akazifunga kwenye leso.

Zilizopungua walizitoa watu wenyewe. Mideva aliweka mkebe wa kimbo mezani, akawaonyesha noti nane za mia mbili za marehemu, akawaambia kila mmoja anadaiwa miezi ile ile. Hakuhubiri. Mkebe uliuma kuliko mahubiri. Vidolo alirudi kiwandani kuomba zamu ya usiku, akapewa kwa mshahara pungufu.

Mzee Asava alizikwa Imulundu siku ya Jumamosi iliyofuata, kushoto kwa Rasoa. Mideva mwenyewe alisimama juu ya wachimbaji akiwaonyesha mgomba uko wapi. Kilimani juu yao mlikuwa na mashimo kumi na moja ya kampuni, yamefunikwa vifuniko vya plastiki, na mlinzi mmoja aliyetolewa kaunti nyingine akiwazuia waombolezaji wasikate njia. Ajira yote ambayo dhahabu ilikuwa imeleta ilikuwa yule mlinzi, naye alisema hajalipwa miezi miwili.

Kwao, siku ya tatu baada ya maziko watu hukaa kwenye boma la marehemu na kutaja madeni. Anayemdai marehemu anasema, na anayedaiwa naye anasema, ili mtu asiende na hesabu za watu. Lakini watu wa vibarua hawapewi siku tatu. Kwa hiyo walirudi Nairobi usiku ule ule, na jambo hilo wakalifanya Jumapili kwenye chekechea, pale pembeni ambapo watoto watano walikuwa wamesharudishiwa nafasi yao.

"Kuna anayemdai Mzee?" akauliza Mideva.

Mzee hakuwa mtu wa kukopa.

"Kuna anayedaiwa naye?"

Kegode akainuka. Hakuwa Mwenyekiti tena. Alikuwa amejiuzulu kabla ya kuambiwa, na hilo watu walimheshimu.

"Ananidai mimi," akasema. "Soli. Alinipigia soli mpya nilipokuwa naenda Migori. Mia mbili na hamsini. Nilimwambia nitamlipa dhahabu ikitoka."

"Akasemaje?"

"Akasema sawa, mradi nisimwandike kwenye ripoti."

Mtu mmoja akacheka, halafu wote, na Kegode mwenyewe akacheka huku machozi yakimtoka. Akaweka mkono mfukoni, akatoa noti ya mia mbili na sarafu zilizotimia hamsini, akampelekea Mideva. Mzee hakuwa na mrithi, kwa hiyo lililokuwa lake sasa ni la Umoja, la jeneza la mwingine.

Mideva akazihesabu. Akazihesabu mara ya pili, kwa sababu zilitoka kwa Kegode. Akaziangusha kwenye mkebe.

"Umelipa," akasema. "Nani mwingine?"